Tabaka la Heshima

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Wazee wa Ifakara watakwambia methali haiendi hivyo, kwamba anayevunjika ni yule asiyesikia. Lakini wazee hao hawakuwahi kupima udongo pale Kivukoni, mwaka ule uliofuata uchaguzi wa vyama vingi. Emerensiana alilisikia la mkuu kwa wiki nzima, akatii kila neno, na nusura gati zima livunjike miguu yote kabla halijajengwa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Serikali ilitaka gati la zege pale pantoni inapoegemea, upande wa Ifakara, ili magari na watu wapande bila kukanyaga tope. Gati hukaa juu ya nguzo, na nguzo hukaa juu ya chochote kilichomo ardhini. Kwa hiyo kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa, lazima mtu aiulize ardhi inaweza kubeba nini. Aliyetumwa kuiuliza ni Emerensiana, binti wa Mahenge, mwenye stashahada ya ujenzi aliyoifuata Dar es Salaam, na ulimi ambao mama yake alisema ungemchelewesha kuolewa.

Ardhi huulizwa kwa chuma. Unasimamisha mabomba matatu yaliyokutana vichwa, unafunga roda juu, unapitisha kamba, na mwisho wa kamba unaning'iniza nyundo yenye uzito wa karibu gunia la mpunga. Wanaume wanavuta, wanaachia. Nyundo inaangukia kichwa cha chuma kirefu chenye ncha, nacho kinazama. Wewe unahesabu. Ardhi laini hukipokea chuma kwa mapigo machache, ardhi ngumu hukigomea. Mapigo yakiwa mengi, mhandisi hufurahi.

Na mhandisi alikuwa na furaha. Jina lake Salvatory, mtu mpole, mnene, asiyeachana na redio yake ndogo. Mashimo matatu kati ya manne yalikuwa yamempa jibu moja: tope laini juu, halafu kwenye mita saba hivi, chuma kinagoma ghafla. Tabaka gumu.

"Hapo ndipo tutakapozikalisha nguzo," alisema, akichora mstari hewani kwa kidole. "Nguzo fupi, kazi fupi, masika yatukute tumemaliza."

"Na lile shimo la nne, mhandisi?" Emerensiana aliuliza. "Lile halina tabaka gumu. Tope tupu mpaka chini."

"Hata mdomo mzuri una pengo," Salvatory alijibu, akaongeza sauti ya redio.

Basi, huyo hakuwa mkuu ninayemsema. Mkuu alikuwa Mzee Nikodemu, mnyapara wa wavuta kamba, Mpogoro wa ng'ambo aliyehamia Ifakara zamani. Mzee Nikodemu hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na sheria moja tu, naye aliitamka siku ya kwanza, kabla hata mabomba hayajashushwa kwenye lori.

"Msiba ukipita, kazi inalala."

Na pale Kivukoni misiba ilipita. Ifakara ina hospitali kubwa. Watu wa Lupiro na Mahenge huvuka mto wakiwa wagonjwa, na wale wasiojaliwa kupona hurudishwa kwao kwa pantoni ileile, saa nne hivi za asubuhi, baada ya taratibu za hospitali kwisha. Gari lenye tawi bichi mbele likitokeza tu barabarani, muuza samaki anafunika samaki wake, mwenye mtumbwi analaza kasia, na vijana wa Mzee Nikodemu wanaishusha nyundo taratibu na kuilaza chini kama jembe. Kofia mkononi, kichwa chini. Hakuna anayenyanyua hata kamba mpaka pantoni iachane na ukingo. Na kuipakia pantoni pale topeni si kazi ya dakika mbili. Mara nyingine karibu saa nzima ilikatika.

Emerensiana hakuona kosa. Alilelewa hivyohivyo. Alikuwa akiinamisha kichwa pamoja nao, akimwombea marehemu asiyemjua, na pantoni ikiondoka, kazi inaendelea. Mapigo ya kwanza baada ya hapo huwa mazito. Chuma kinagoma. Tabaka gumu, anaandika, na shimo linaishia hapo.

Siku ya tano palipita msiba wakati yeye mwenyewe yuko topeni, amevaa mabuti ya mpira, akipima umbali kutoka shimo la tatu hadi majini. Akasimama pale alipo, kichwa chini. Jeneza lilipita mbele yake mabegani mwa watu waliozama hadi magotini. Pantoni ikaondoka. Emerensiana akanyanyua mguu aendelee na kazi, mguu ukatoka, buti likabaki.

"Sista!" alipiga kelele Beatus, mvuta kamba aliyetoka Songea na ambaye hakujaliwa kunyamaza. "Ardhi imekuposa! Imeshika kiatu, sasa inangoja mjomba wako aje!"

"Njoo unisaidie, acha domo."

"Niwasaidie Wapogoro? Mimi Mngoni, mtani wenu. Kazi yangu ni kucheka." Hata hivyo alikuja. Wakalishika buti wote wawili, wakalivuta, na tope likaliachia kwa sauti mbaya iliyowachekesha hata wauza samaki.

Emerensiana hakucheka. Alisimama na soksi iliyolowa, buti mkononi, akiliangalia lile tundu. Asubuhi nzima alikuwa ametembea kwenye tope lilelile. Ukitembea, linakuachia. Ukilisumbua, linalegea kama uji. Ukisimama kwa adabu, kichwa chini, linakukumbatia.

Na chuma je?

Alimfuata Mzee Nikodemu, ambaye alikuwa anakunja kamba.

"Mzee, shimo la nne, lile lisilo na tabaka gumu. Siku ile ulipita msiba?"

Mzee alifikiri. "Siku ile Mungu alitupumzisha. Hakuvuka marehemu hata mmoja. Nakumbuka kwa sababu tulimaliza mapema, Beatus akaenda kulewa."

"Na mashimo mengine yote tulisimama."

"Tulisimama. Sisi ni watu."

"Tulisimama chuma kikiwa mita ngapi?"

Mzee Nikodemu aliacha kukunja kamba. Hakuwa mjinga. Alimtazama binti huyu, akautazama mto, akarudi kumtazama.

"Unataka kuniambia heshima yetu ndiyo imekuwa mwamba?"

"Nasema tope lilikikumbatia chuma wakati tumeinamisha vichwa, mzee. Tulipoanza tena, hatukuwa tunaipiga ardhi ngumu. Tulikuwa tunang'oa mkumbatio."

"Mh," alisema mzee. Akarudia kukunja kamba.

Jioni ile Emerensiana alikwenda mtaa wa Viwanja Sitini, kwenye nyumba ya wageni alikopanga Salvatory. Alimkuta barazani, redio magotini, sahani ya wali na perege imebaki miba.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba. Karibu. Mbona una tope hadi kwenye nywele?"

Akamweleza. Salvatory alisikiliza akitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kukubali.

"Hilo la udongo nalijua," alisema mwishowe. "Udongo wa mfinyanzi ukisumbuliwa unalegea, ukiachwa unakaza. Lakini mashimo matatu, binti! Kina kilekile! Bahati gani hiyo?"

"Si bahati. Tunaanza saa moja kila siku, na vijana ni walewale, mikono ileile. Saa nne tunakuwa mita saba. Na saa nne ndipo wanapovushwa marehemu."

Salvatory alizima redio. Hapo Emerensiana alijua amesikika, maana katika wiki nzima hakuwahi kuiona redio ile imezimwa.

"Ikiwa unalosema ni kweli," alisema mhandisi kwa sauti ya chini, "nguzo zangu zitakaa juu ya tope. Lori la mpunga likisimama juu ya gati..." Aliiweka redio sakafuni. "Na ikiwa si kweli, nitakuwa nimeomba nguzo ndefu mara mbili bila sababu, na mradi utakufa mezani. Unanielewa? Watasema ni ghali, na hapatajengwa kitu."

"Ndiyo maana tupime tena."

"Kesho mchana lori linakuja kuchukua vyuma. Vinatakiwa Kidatu, na huko wamekwisha kasirika." Alikuna kitambi. "Una shimo moja. Kesho asubuhi. Lipite mita saba bila kusimama hata kidogo. Likisimama, litakuwa shimo jingine la mashaka, na mimi nitaandika nilichokiona kwenye matatu."

Kulikucha Emerensiana yuko Kivukoni. Alikuwa amepanga waanze mapema, wapite mita saba kabla ya jua kukomaa, msiba wowote uwakute wamekwisha maliza. Vijana waliitikia. Beatus aliomba dua kwa sauti kubwa: "Ee Mungu, leo watu wa Ulanga kule ng'ambo wawe wazima wote, hata wakwe zao!" Hata Mzee Nikodemu alitabasamu.

Lakini mipango ni ya watu. Waliposimamisha mabomba, roda iligoma kuzunguka. Mchanga ulikuwa umeingia ndani ukakauka. Waliifungua, wakaisafisha kwa mafuta ya taa, wakaifunga, ikagoma, wakaifungua tena. Jua lilipanda huku Emerensiana akiuma midomo. Nyundo ya kwanza ilipoanguka, saa moja ya kawaida ilikuwa imepita zamani.

Wakafidia kwa mikono. Beatus alipiga wimbo wa kuvuta mitumbwi, wa haraka kuliko ule wa siku zote, na wenzake wawili wakauitikia. Vuta, achia. Vuta, achia. Chuma kilizama mita tatu, nne, tano. Wakaunga kipande kingine wakikimbia. Emerensiana alihesabu, akiweka alama kwa chaki kwenye chuma chenyewe. Walikuwa wamekaribia mita sita na nusu pale wimbo ulipokatika.

Gari lenye tawi bichi lilikuwa linateremka.

"Laza nyundo," alisema Mzee Nikodemu.

"Mzee, hapana."

"Laza!"

Vijana wawili waliiachia kamba palepale, wakavua kofia. Beatus alibaki ameishika, nyundo ikining'inia, akiwatazama kwa zamu mzee na binti.

"Mzee Nikodemu," Emerensiana alisema, "tukisimama hapa tumesimama palepale. Mita saba ileile. Shimo limekufa, lori linaondoka, na gati linajengwa juu ya tope."

"Mwanangu, yule mle garini ni Fulgence, namwona mkewe pale. Namjua. Nimekula kwake Lupiro." Mzee alikuwa na machozi. "Utampigia Fulgence nyundo?"

Emerensiana aliikamata kamba mahali walipoiachia wale wawili, akajiweka nyuma ya Beatus.

"Sista," Beatus alisema chinichini, "mimi mtani. Hata nikilala juu ya jeneza watanitoza jogoo na kucheka. Wewe ni Mpogoro. Hutachekewa."

"Vuta."

Wakavuta. Bila wimbo. Pale palipokuwa na kimya cha watu mia, nyundo ilianguka, na sauti yake ikavuka mto na kurudi. Kila kichwa kilichoinama kiliinuka. Vuta. Achia. Kamba iliyozoea mikono ya wanaume watatu ilimchuna viganja kabla ya pigo la kumi, naye akaendelea kuhesabu kimoyomoyo, maana asipohesabu yote yatakuwa bure.

Jeneza lilishushwa garini. Wabebaji walianza kuteremka kuelekea pantoni, tope likiwameza mguu mmoja baada ya mwingine. Mbele alikuwapo Mzee Ildefonce, mwenyekiti wa kitongoji, suruali imekunjwa magotini. Alimtupia Emerensiana jicho ambalo lingeweza kuchoma nyasi mbichi. Katikati ya ngazi ya pantoni aliteleza, jeneza likainama upande mmoja, wanawake wakapiga yowe, wenzake wakalidaka.

Mwanamke mmoja aliuacha msafara akaja moja kwa moja kwenye mabomba matatu. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, uso umevimba kwa kilio. Wilhelmina, mjane wa Fulgence.

"Wewe," alisema. "Mtoto wa nani?"

"Wa Agnella wa Mahenge, mama." Vuta. Achia.

"Mpogoro?"

"Ndiyo, mama."

"Na unampigia mume wangu chuma. Mwenzio anapita kwa mara ya mwisho, wewe unapiga chuma."

"Pole, mama. Pole sana." Jasho na machozi vilimwingia mdomoni pamoja. "Siwezi kuiachia kamba."

Wilhelmina alisimama. Kwa mapigo matatu au manne alisimama pale, karibu kiasi cha kuweza kumpiga kofi. Kisha akatema mate chini, si juu ya mtu, akageuka kulifuata jeneza la mumewe, naye akizama tope hadi magotini.

Na wakati huohuo chuma kilipita mita saba.

Kilipita kama kisu kwenye papai bivu. Hakikugoma, hakikuchelewa. Alama ya chaki ilizama, ikafuata nyingine, na nyingine. Pale ambapo mashimo matatu yaliapa kuna tabaka gumu, hapakuwa na kitu. Beatus aliona naye, akaguna, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutafuta la kusema.

Pantoni ilipoachana na ukingo, wale vijana wawili walivaa kofia zao. Mmoja akaja akaishika kamba, akamsogeza Emerensiana kando kwa bega. Wa pili akafuata. Mzee Nikodemu alikuwa ameketi juu ya debe, amewapa mgongo, lakini alipoona wanaunga kipande kingine vibaya alisema bila kugeuka, "Kaza kwanza upande wa chini." Wakakaza.

Waliendelea kushuka, tope juu ya tope, kina kikawa kirefu kuliko mara mbili ya mita saba. Salvatory alifika wakati vyuma vya akiba vinakaribia kwisha. Hakuwa na redio. Alichuchumaa akazisoma alama za chaki, moja moja, kama mtu anayesoma barua ya kwao.

Ndipo chuma kikabadilisha sauti. Kutoka lile *du* la tope kikaanza kulia *ngo*, *ngo*, na hata walipopiga kwa nguvu zao zote kilisogea upana wa kidole tu. Wakakitoa. Ncha yake ilikuja na mchanga mweupe, safi, uliometa.

Salvatory aliuchukua mchanga ule kiganjani, akausugua kwa kidole gumba.

"Huu ndio," alisema. "Nguzo zitafika hapa. Ndefu, ndiyo. Ghali, ndiyo. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia wakubwa Morogoro, na nitakaa mlangoni kwao mpaka wakubali." Akamtazama Emerensiana viganja. "Nawe utakuja kunisaidia kuongea. Mimi huwa nakubali haraka."

Lori la Kidatu lilikuwa limefika na dereva anapiga honi, Mzee Nikodemu alipokuja kumwita Emerensiana. Mwenyekiti alimtaka kwenye kibanda cha wakata tiketi.

Mzee Ildefonce alikuwa ameketi kwenye benchi, tope limemkaukia miguuni likapasuka kama ngozi ya mamba. Pembeni walikaa wazee wengine wawili. Beatus alikuwa amekwisha hukumiwa: jogoo mmoja, naye alikubali akiuliza kama wanapendelea mwekundu au mweusi.

"Shikamooni," Emerensiana alisema.

"Marahaba," waliitikia, maana salamu haina kosa.

"Binti," alianza mwenyekiti, "mwenzio ni mtani. Yake yamekwisha. Wewe ni mtoto wetu, na umetutia aibu mbele ya jeneza. Lakini hatukuja kukuua. Mhandisi ametueleza habari ya udongo, nasi tumesikia, na gati tunalitaka. Kwa hiyo tunakupa njia mbili. Sema uliingia kwenye utani wa mwenzako, tucheke yaishe. Au sema naomba radhi. Neno moja tu. Nitalivusha mimi mwenyewe mpaka kwa mjane."

Mzee Nikodemu, aliyesimama nyuma ya binti, alimgusa kiwiko. "Sema, mwanangu. Halina uzito."

Emerensiana aliviangalia viganja vyake. Mama yake angekwisha kulisema neno hilo zamani.

"Sikuwa natania, baba mwenyekiti. Ningetania msiba wa nani? Pole nilimpa mama Wilhelmina, na Jumapili nitavuka kwenda kumpa tena, nikae naye mkekani, na akinifukuza nitakaa nje. Hilo nitalivusha mwenyewe, usihangaike. Lakini nyundo ile ingenyamaza, tungezisimamisha nguzo juu ya heshima yetu, na heshima haibebi lori."

Nje, dereva alipiga honi tena.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mzee Ildefonce.

"Kwa hiyo siombi radhi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."